Baba wa Msichana wa Kitabuni

Mejumaa mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea asubuhi, uliyoitoa bila kuinua macho kutoka kwenye begi, na marahaba yangu nadhani ilikupita. Basi marahaba tena. Haya yasome ukiwa umekaa. Si habari ya msiba, ni ndefu tu.

Nakuandikia hapa kinyozini. Nimeteremsha mlango nusu, wapitao waone miguu yangu wajue nipo, lakini wajue pia kuwa leo sinyoi tena. Wewe na mama yako mmekwenda Milalani kumuaga bibi, na bibi haagwi mara moja. Huagwa, akalia, akapika, mkala, akaagwa upya. Kesho alfajiri unapanda basi la Eldoret. Habari za sweta, za chakula, za kutompa mtu simu yako akushikie, mama yako amezimaliza, na alizozisahau atazisema kupitia dirisha la basi likiwa linaondoka. Mimi nataka kuzungumza nawe juu ya kile kitabu.

Kile cha mzuka.

Unakumbuka ulivyotuwekea lengo. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri chuo, nyumba imekubana, ukasema kila mwezi kila mtu humu ndani asome kitabu kimoja kizima na tupeane zamu ya kuchagua. Mama yako alijitoa palepale. "Mimi nasoma nyuso zenu," alisema, "na zenyewe sijazimaliza." Nikabaki mwanafunzi wako wa pekee. Zamu yangu nilikupa kitabu cha historia ya pwani, ukakisoma, ukasema ni kizuri, na uso wako ukasema mengine. Zamu yako ukaniletea kile ulichoazimwa na rafiki yako, kinene kama tofali, jaladani msichana mweupe nywele zinapepea, na nyuma yake mvulana ambaye kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa ukungu.

"Ni cha vijana, baba," ukasema. "Ukishindwa utaniambia."

Ungelisema neno lingine lolote. Mimi nikiambiwa nikishindwa niseme, nimeshakubali.

Kiingereza changu unakijua nilikokipata. Nilikiokota pembeni ya bwawa la hoteli huko Diani, nikiwa kijana wa kugawa mataulo. Ni Kiingereza cha kuomba samahani na kuhakikisha kwamba maji leo si baridi. Mapenzi hayakuwamo, na mizuka haikuwamo. Kwa hiyo nilikisoma kwa kamusi, kichwa hadi kichwa, maana nilipomaliza kumnyoa mtu nilikuwa nasoma ukurasa kabla ya mwingine kukaa. Siku ya kwanza nikakificha ndani ya gazeti. Siku ya pili gazeti likaanguka, na Kassimu wa bodaboda alikuwa kitini.

"Bosi, huyu nani? Mbona hana rangi?"

"Amekufa."

"Amekufa, na anamshika msichana kiuno?"

"Ndicho kitabu chenyewe."

Kassimu aliinamisha kichwa nimtengeneze sikioni, kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Na mimi niko hai, nina pikipiki, nakosa."

Tangu hapo duka zima likawa linadai habari. Mtu anakuja, ndevu hata hazijaota, ameketi tu anangojea nimwambie kama mzuka amemwambia msichana ukweli kuwa alizama ziwani zamani za babu zake. Nilipata wateja wapya kwa sababu ya yule maiti. Mungu amrehemu, kama inafaa.

Lakini nikuambie jambo ambalo hukulijua. Sikukisoma kwa ajili ya lengo lako. Nilikisoma kukupeleleza.

Ulikuwa ni mwezi uleule waliokuja watu wa Kinondo. Mzee Salimu ni rafiki yangu tangu enzi za mataulo, na Rashidi mwanawe ana duka lake la kutengeneza simu Ukunda, kijana anayesali, asiyevuta kitu, anayewaamkia watu hata akiwa na haraka. Nilimtafutia ila yoyote, sikuipata, na hiyo ndiyo iliyonitia taabuni. Wakaleta posa katika kitambaa kilichofungwa vizuri, wakakiweka mkekani, tukanywa kahawa, wakaenda. Wewe ulimwambia mama yako usiku huo kuwa hutaki. Mama yako akaniambia. Mimi nikasema, "Tutaona," nikakiweka kitambaa kabatini, juu ya mashuka ya Idi.

Unajua mambo yetu. Kitambaa cha posa kikirudishwa upesi ni tusi. Kikikaa kidogo ni heshima. Kikikaa sana ni jibu, tena la ndiyo. Kilikaa. Ikafika mahali mama yako akienda sokoni anaitwa mkwe wa Kinondo, na yeye hakatai wala hakubali, anauliza bei ya nyanya. Mara mbili ulinijia. "Baba, kile kitambaa?" Nikakwambia tutaona. Mtu akinisikia angedhani mimi ni mtu wa macho mabovu. Na kama ungesafiri kesho kingali kabatini, ungekwenda Eldoret ukiwa mchumba wa mtu, na hilo ungekuwa hukulitamka. Au niseme kweli: ungekuwa umetamka kinyume chake, na hakuna aliyesikia.

Katikati ya hayo ndipo shangazi yako Mwanasha alipokuja dukani kanga iko begani, nina mtu kitini amejaa povu.

"Ndugu yangu, mwanao anazungumza na mtu chumbani."

"Na nani?"

"Hapo ndipo."

"Dada, labda ni simu."

"Simu iko sebuleni inachajiwa, nimeishika kwa mkono wangu huu. Anazungumza Kizungu. Anasema, kisha anajijibu kwa sauti nzito."

Mwenye povu akageuza shingo, nusura nimkate.

Leo tunajua ulikuwa unakisoma kitabu kwa sauti kujizoeza, siku nilizokiacha nyumbani, sehemu ya msichana kwa sauti yako na ya mzuka kwa sauti ya chini. Lakini shangazi yako hakuwa na habari hizo. Alikuwa na binti aliyekataa posa ya kijana asiye na ila, anayejifungia baada ya alasiri, aliyepungua mwili, anayesema na mwanamume asiyeonekana. Kwa mtu aliyezaliwa Msambweni, hiyo si hadithi, hizo ni dalili. Jini mahaba. Jini akimpenda msichana huwafukuza wachumba wote, akabaki naye peke yake.

Nilimweleza juu ya kitabu, nikidhani nitamtuliza. Akavuta kigoda.

"Huyo mvulana wa kitabuni, anakula?"

"Hali."

"Mikono yake?"

"Baridi."

"Anakuja saa ngapi?"

"Usiku, ukungu ukitanda."

"Na wachumba wengine wa huyo binti?"

Ikabidi niseme kweli. Alikuwapo kijana mmoja mwenye gari, na gari hilo lilikwishaingia mtaroni bila sababu.

Shangazi yako akapiga paja. "Ndiye! Na hao wazungu wanampa mtoto kitabu kama hicho mkononi bila hata kombe?"

Nimesikia kuwa kuna watu wanalipwa kuchambua vitabu. Mwanasha hajakigusa, na alikimaliza kwa maswali manne. Siku ya pili akaja na kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kukoshwa kwa marashi, na wewe ukalinywa lote kwa adabu, ukapangusa mdomo ukasema, "Ahsante shangazi, tamu." Alipotoka alininong'oneza mlangoni, "Jini lake pole hilo. Hayo ndiyo mabaya."

Utaniuliza kama niliamini. Mejumaa, mtu wa kwetu haamini majini, huyaheshimu tu. Sikuamini, na sikukataa pia. Kitu kimoja ndicho nilichokuwa na hakika nacho: ningeweza kukuita, nikakuuliza una nini mwanangu, na sikufanya hivyo. Niliona ni rahisi zaidi kusoma kurasa zote zile kwa lugha ya mataulo kuliko kukuuliza swali moja kwa lugha yetu. Kwa hiyo nikamsoma yule binti nikitafuta ni wapi utakapotokea wewe.

Hukutokea. Aliyetokea alikuwa baba yake.

Sijui kama ulimwona. Ni mtu mdogo sana mle ndani. Anaendesha gari la barua, anarudi jioni, anauliza kama kuna chakula, anasinzia kitini. Mwandishi hakumpa hata nguo, sikumbuki popote anaelezwa amevaa nini. Binti yake anatoka dirishani kila usiku kwenda ziwani kwa maiti, anarudi nywele zimelowa, na huyu bwana asubuhi anamwambia, "Leo umeamka mapema." Duka zima lilimcheka. Kassimu alisema huyo si baba, huyo ni mpangaji. Mimi nilicheka nao, kisha nikaanza kumvizia. Nikawa naruka kurasa za mapenzi, nisamehe, namtafuta yeye. Nikimpata mahali namsoma mara mbili.

Kuna pahali anapanda ngazi. Binti amejifungia analia kwa sababu mzuka amemwambia achague, ama aishi na watu, ama azame akakae naye. Baba anagonga mara moja. Anauliza, "Umelala?" Binti anasema, "Nimelala." Baba anashuka ngazi.

Nilikasirika, nikakifunga kitabu. Nilisema kwa sauti, "Gonga tena, bwana! Aliyelala hajibu!" Mzee aliyekuwa kitini akafungua macho akasema, "Mimi silali, nasikiliza mashine."

Baadaye, nikifagia nywele, ndipo liliponipata. Siku ile ile waliyokuja watu wa Kinondo, baada ya wao kwenda, mimi nami nilisimama mlangoni pako. Niligonga mara moja. Nikauliza umelala. Ukasema umelala. Na nilichokihisi, Mejumaa, hakikuwa huzuni wala wasiwasi. Nilihisi nafuu. Nilirudi sebuleni mwepesi kabisa, kama mtu aliyekwenda kudai akakuta nyumba imefungwa.

Nimejiuliza ufundi huo niliupata wapi. Sehemu niliupata kwa marehemu babu yako. Hakuwahi kunikatalia jambo hata moja. Nilipopata nafasi ya kwenda Mombasa kujifunza umeme, nilimwomba, akasema inshallah. Nikangoja. Nikauliza tena, inshallah. Nafasi ikapewa mwingine, na siku niliyomwambia imepita, alisikitika kweli, akasema Mungu hakupenda. Ni neno tukufu, na sisi tumeligeuza pazia la kujifichia. Yeye hakutaka niende, alikuwa na sababu zake, pengine nzuri. Lakini sikuzijua, maana hakuna siku tuliyokosana. Sikupata hata wa kumkasirikia. Nikaenda kugawa mataulo.

Na sehemu nyingine ni hii, na mama yako amenipa ruhusa niiandike. Alipopelekewa posa yangu aliulizwa, akanyamaza. Mwanamwali akinyamaza amekubali, ndivyo tulivyofunzwa, vigelegele vikapigwa. Wewe ulipokuwa umeshaanza shule, siku moja tunamenya mihogo, nikamuuliza, "Siku ile ulinyamaza, ulikuwa unafikiria nini?"

Akasema, "Nilikuwa na jino linauma."

Tukacheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Lakini unaona nilivyo? Nilicheka, nikaendelea na mihogo. Sikuuliza, "Na kama jino lisingeuma?" Swali la kwanza naliweza. La pili ndilo huwa linanishinda, kwa sababu swali la kwanza ni adabu, na la pili ni kutaka kujua.

Basi leo baada ya adhuhuri nilifungua kabati. Mama yako alikuwa anakukunjia nguo, akaona nilichokitoa, akanipa kofia yangu safi. Kassimu akanipakia mpaka Kinondo. Njiani hakutania, hata yeye.

Mzee Salimu alikuwa uani anawalisha kuku. "Karibu mkwe!" Tukaketi. Ikaja chai, yakaja mahamri, tukaulizana habari za watu wote walio hai na baadhi ya waliokufa. Kisha nikakiweka kitambaa mkekani kati yetu, kama kilivyokuja, fundo halijafunguliwa.

Akakitazama. Akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka.

"Kwani ana mtu?"

"Hana."

"Nimesikia ana jini."

"Kombe ameshalinywa. Alisema tamu."

Alicheka kidogo, mzee wa watu, na alipocheka nikadhani tumevuka. Kisha akainama kuelekea kwangu kwa upole wote.

"Ndugu yangu, kama ni masomo, sema. Masomo si ugomvi. Tutasubiri. Kitambaa kikae kwako mpaka amalize."

Mejumaa, alikuwa ananifungulia mlango. Mlango mzuri, umepakwa rangi, wenye heshima kwake na kwangu. Nikisema ndiyo, ni masomo, tungemaliza mahamri, angenisindikiza barabarani kama miaka yote, urafiki mzima. Na wewe ungekaa miaka yote ya chuo ukiwa umewekwa kabatini. Nililiona hilo, na bado ulimi ulikuwa unataka kusema ndiyo. Sikufichi. Ulikuwa umeshaanza.

Nikasema, "Si masomo. Hataki."

Sijawahi kulisikia neno hilo likiwa tupu namna ile. Sikulivika samahani mbele wala inshallah nyuma.

"Hataki," akasema Mzee Salimu, kama mtu anayeonja kitu kigeni.

"Hataki. Alisema tangu siku ya kwanza. Aliyechelewa ni mimi, na kwa hilo niwie radhi. Kwa kukataa kwake siombi radhi."

Rashidi alikuwa amesimama penye ukuta, sikujua tangu lini. Aliniamkia kwanza, kijana yule, kisha akauliza, "Alisema mwenyewe, baba?"

"Mwenyewe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi bora. Nilikuwa sijui kama nasubiri au nasubirishwa." Akarudi ndani. Sikuwa nimemfikiria yeye, unajua? Muda wote nilijiona nawalinda watu wasiumie, kumbe kuna kijana kule Ukunda anafungua simu za watu huku ameshikilia roho.

Mzee Salimu hakunisindikiza. Alibaki na kuku wake. Huenda atakuja kunyolewa mwezi ujao, huenda atatafuta kinyozi Ukunda. Ni hasara, sitakwambia kuwa si hasara. Lakini ni hasara yangu, wewe usiibebe kwenye basi. Shangazi yako bado hana habari, kesho atakuja kituoni na ubani wake. Akikuuliza, mwambie aniulize mimi.

Kitabu nimekimaliza. Sikupenda mwisho, na si kwa sababu binti anazama akamfuata mzuka. Nilikirudia chote kutafuta pahali yule binti anaposema sitaki. Anasema naogopa, anasema sijui, anasema nipe muda, anasema nakupenda mara nyingi sana. Sitaki hasemi. Hakumwambia baba yake, wala hakumwambia mzuka. Mwandishi anadhani alichagua. Mimi nadhani hakuwahi kulisikia neno likitumika nyumbani kwao, na hilo naweza kumweleza yule bwana wa gari la barua kwa sababu tuna ujuzi mmoja.

Huko uendako utapendwa, sina shaka. Utapendwa na wenye rangi na wasio na rangi, na wengine watakuwa wazuri hasa, hawana ila. Mimi sitakuwapo kugonga mlango wowote. Penda unavyopenda, sina maelekezo, ninayoyajua juu ya mapenzi nimeyasoma kwa kamusi. Radhi yangu unayo yote, hata ukirudi na jambo litakalonikosesha usingizi. Ila ikifika siku ya kusema hutaki, usitafute masomo, wala jini, wala jino. Usidhani unaleta neno geni katika ukoo. Limeshasemwa leo Kinondo, mchana, mbele ya watu, na baba yako, na wote tukarudi makwetu tukiwa hai.

Baba yako.